Kurisiti Historia ukiwa Olmotonyi: shilingi ipi itoke, ipi ibaki mfukoni

Ada ya Baraza la Mitihani kwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne imekuwa shilingi 50,000 kwa miaka ya karibuni. Ukichelewa ni 65,000. Watu wengi wa Olmotonyi, Ngaramtoni na vitongoji vya juu kuelekea msituni, huku nje ya mji wa Arusha, huihangaikia hiyo elfu hamsini, wakaipata, wakashusha pumzi. Mapema mno. Fedha inayowamaliza hutoka baadaye, kidogo kidogo, kwa daladala, kopi, pamfleti na michango ya kituo, na Novemba ikifika imeizidi ada ya mtihani mara kadhaa.

Haya ninayoyaandika ni kwa anayerisiti Historia, na hasa anayeogopa zile mada za kale: chimbuko la binadamu, michoro ya miambani, imani za jadi, miji ya pwani, biashara na India. Mada hizo ndizo watu wanazozinunulia makaratasi mengi zaidi. Kwa maoni yangu ndizo zinazodai fedha kidogo kuliko zote.

Kabla hujatoa hata senti, jiulize cheti unakitakia nini. Ukiishi Olmotonyi, chuo unachokiona kila siku ni Chuo cha Misitu, kilichoanza mwaka 1937, na vijana wengi wa hapa wana hamu ya kuingia pale. Lakini misitu ni fani ya sayansi, na C ya Historia haizibi pengo la Biolojia. Soma kwanza mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Unapatikana bure mtandaoni, na unaonyesha kila kozi inadai ufaulu wa masomo yapi.

Kozi nyingi za astashahada hutaka ufaulu wa masomo manne, D na kuendelea, yasiyo ya dini. Sharti hilo la mwisho limewaumiza watu wengi. Mtu anajisajili Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia kwa sababu ameyajua mambo hayo tangu madrasa au shule ya Jumapili, anafaulu vizuri kabisa, kisha mlangoni mwa chuo anaambiwa somo hilo halihesabiwi. Historia inahesabiwa. Kama umebakiza somo moja kutimiza manne na sayansi ilikushinda, Historia ni chaguo la nafuu: halina maabara, halina vifaa vya kununua, na sehemu kubwa ya vitabu vyake husomwa bure.

Usajili

Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, usajili wa kidato cha nne hufunguliwa Januari na Februari kwa ada ya kawaida, na Machi kwa ada yenye faini. Tofauti ni 15,000. Kopi ikiwa shilingi 100 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 150 ulizozitupa kwa kuchelewa tu. Kwa hiyo usinunue kitabu wala pamfleti mpaka ada iwe imelipwa. Kitabu utakikuta Aprili, ada ya kawaida hutaikuta.

Njia yenyewe ni hii. Unakwenda kwenye kituo unachotaka kufanyia mtihani, mkuu wa kituo anakupa namba rejea, unajisajili kwenye mtandao wa Baraza, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Macho yawe kwenye ile hatua ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo inapozaliwa "ada ya kituo". Kuna vituo vinavyoomba fedha ya uendeshaji peke yake. Vingine hupachika mitihani ya majaribio, picha, kitambulisho, na mchango ambao jina lake hubadilika kila mwaka.

Uliza kabla ya kuchukua namba: jumla yote mpaka siku ya mwisho ya mtihani ni shilingi ngapi? Ipi ya lazima, ipi ya hiari? Nitapewa risiti? Kituo kisichotaka kukuandikia jumla hiyo kwenye karatasi, kiache utafute kingine.

Watu wa steshenari watakusajilia kwa ujira mdogo, na kwa asiye na simu ya intaneti si vibaya. Ila malipo ya ada yafanye mwenyewe, kwa simu yako au ya nyumbani kwenu, ujumbe wa uthibitisho ubaki kwenu. Kabla hajabofya kumaliza, soma skrini: majina yafanane herufi kwa herufi na ya cheti chako cha zamani, na Historia isomeke kwa namba 012. Ukiondoka pale bila kusoma, kosa litakusubiri mpaka Novemba.

Kituo cha karibu ni bora kuliko kituo chenye jina. Mitihani ya asubuhi huanza saa mbili, na Novemba ni wakati wa vuli, barabara za udongo za huku kwetu zikilowa bodaboda huongeza bei au hugoma kabisa. Kituo unachoweza kukifikia kwa miguu kina thamani ya fedha hata kama ada yake imezidi kidogo ile ya mjini.

Tuisheni na nauli yake

Hapa ndipo watu hupotea. Matangazo ya tuisheni mjini Arusha huandika ada ya mwezi tu, na ada hiyo mara nyingi inavumilika. Wewe wa Olmotonyi una ada ya pili isiyoandikwa ukutani.

Tupige hesabu. Tangu Desemba 2023, nauli ya daladala iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa njia ya kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 700. Kwenda na kurudi mjini ni 1,400. Tuchukulie bodaboda kutoka barabara kuu mpaka nyumbani ni 1,000 kila upande, yaani 2,000 nyingine. Siku moja ya tuisheni imekula 3,400 kabla hujanunua hata andazi. Ukienda siku tatu kwa wiki, mwezi unakula 40,800. Machi mpaka Oktoba ni 326,400. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya ada ya mtihani, na hakuna hata shilingi moja ndani yake iliyomfikia mwalimu.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu tuisheni yoyote liwe umbali. Mwalimu aliyestaafu Ngaramtoni anayefundisha watu sita sebuleni kwake, unayemfikia kwa miguu, anaweza kukuomba ada ya juu kuliko kituo cha mjini na bado akawa nafuu. Mkiwa wanne au watano mnaorisiti, mwendeeni pamoja. Shikamoo mwalimu, tuko watano, tunaomba Historia tu, mara moja kwa wiki, tukuchangie kiasi gani? Walimu wengi hulegeza bei kwa kikundi.

Kituo cha mjini kinakufaa kama unarisiti masomo manne au matano, kwa sababu nauli ile ile inabeba masomo yote. Kwa Historia peke yake, hapana.

Ukishaamua kujiunga popote, usilipe miezi mitatu mbele kwa kuvutiwa na punguzo. Lipa mwezi mmoja. Angalia kama mwalimu wa Historia anaingia darasani kweli, au mnapewa notisi za kunakili huku mlango ukiwa wazi. Notisi za kunakili utazipata bila nauli.

Kitabu, pamfleti au kopi

Kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ndicho msingi. Kipya kina bei, lakini kinadumu, na ukimaliza unakiuza au unamwachia mdogo wako. Cha mtumba kinachouzwa mezani mjini ni nafuu zaidi. Kabla ya kulipa hesabu kurasa, kwa kuwa hazikosekani zilizochanwa, na mara nyingi zilizochanwa ni zile zenye ramani na maswali.

Kutoa kopi ya kitabu kizima ni hasara ya wazi. Kurasa 200 kwa shilingi 100 ni 20,000, bado hujafunga jalada, na baada ya miezi mitatu karatasi zimeanza kutawanyika. Mwandishi naye hakupata haki yake. Toa kopi ya sura moja unayoihitaji, basi.

Kuna mtego mwingine mezani. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, kwa hatua, na sasa vitabu vya zamani na vipya vimelala pamoja. Kipo pia kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, ambacho mnunuzi mwenye haraka hukidhani ndicho anachotafuta. Hilo ni somo jingine. Muulize mkuu wa kituo chako: mwaka nitakaofanya mimi, Historia 012 itatoka kwenye muhtasari upi? Akujibu kwanza, ndipo uende mezani.

Pamfleti ndiyo bidhaa inayouzika kuliko zote, kwa kuwa ni nyembamba, ina maswali na majibu, na bei yake haiogopeshi. Zipo nzuri. Zipo pia zilizonakiliwa kutoka pamfleti nyingine yenye makosa. Muuzaji hatakuzuia ukifungua dakika tano, na mada za kale ndizo kipimo kizuri, kwa sababu tarehe zake zinajulikana.

Fungua chimbuko la binadamu. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na aliyeliona ni Mary Leakey. Mumewe Louis siku hiyo alikuwa anaumwa, amebaki kambini. Umri wake ni karibu miaka milioni 1.75. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, nazo zikiwa ndani ya eneo la Ngorongoro, zilitambuliwa mwaka 1978 na zina kama miaka milioni 3.6. Pamfleti ikichanganya Olduvai na Laetoli, au ikimpa Louis ugunduzi wote bila kumtaja mkewe, jua mwandishi hakurudi kwenye kitabu.

Geuza mpaka michoro ya miambani. Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pamfleti iliyoandikwa kwa makini hutenganisha michoro myekundu, ambayo ni ya zamani zaidi na inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji, yenye wanyama na watu warefu wembamba, na ile myeupe ya baadaye inayohusishwa na wakulima na wafugaji. Ikiwa nzuri zaidi itakwambia kwamba mahali kama Mongomi wa Kolo watu bado wanakwenda kufanya matambiko. Mtahini anapouliza umuhimu wa michoro ya miambani katika kuijua historia, hoja hiyo moja inakupa sanaa, imani na uchumi wa watu wa kale kwa pamoja. Wengi huandika "inavutia watalii" na kuishia hapo.

Kisha Engaruka, hapo Monduli, mkoani kwetu. Mifereji ya umwagiliaji na kuta za mawe zilizoachwa yapata karne ya 18. Waliojenga walikuwa wakulima. Pamfleti ikisema ni kazi ya Wamasai, irudishe mezani bila kuomba punguzo.

Mwisho pwani. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Vasco da Gama akapita pwani hii 1498. Kuhusu India, tazama kama pamfleti inaeleza namna biashara ilivyokwenda au inataja tu neno "Wahindi". Kaskazi ilileta vyombo kutoka Bara Hindi na Uarabuni, kusi ikavirudisha. Zilitoka pembe za ndovu, na dhahabu iliyopitia Sofala mpaka Kilwa. Zikaingia nguo za Gujarat na shanga. Hata marumaru zilizochongwa Khambhat, huko huko Gujarat, zimepatikana Kilwa. Ukiwa na mfano kama huo, insha ya mahusiano ya Afrika Mashariki na nchi za Mashariki ya Kati na ya Mbali haiwi tena orodha tupu ya "mavazi, vyakula na dini".

Pamfleti ikipita mitihani hiyo, nunua moja. Moja inatosha. Anayenunua tatu husoma kurasa za kwanza za kila moja, na Historia ina mada za mpaka kidato cha nne.

Vya bure vyenye ubora

Taasisi ya Elimu ina maktaba ya mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo baada ya kujisajili. Gharama yake ni bando. Vinasomwa ukiwa kwenye mtandao, kwa hiyo fanya hivi: nunua bando siku moja kwa wiki, soma sura moja kwa kalamu na daftari, funga. Kuacha simu wazi kutwa nzima ukirukaruka kutoka kwenye kitabu kwenda kwenye video ni kulipia video.

Baraza la Mitihani nalo huweka kwenye tovuti yake fomati ya kila mtihani, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mtu jambo moja tu, ningempeleka huko. Taarifa hiyo inaandika swali lilivyoulizwa, inaeleza wengi walikosea wapi, na inabandika picha ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Hakuna pamfleti mezani inayokupa hayo. Unaipakua mara moja, inakaa kwenye simu, unaisoma hata bando likiisha.

Maktaba ya Mkoa mjini ni chaguo la tatu. Uliza ada ya mwaka na kama ipo ya siku moja, kisha hesabu nauli kama tulivyofanya juu. Kwa anayeshuka mjini kwa shughuli nyingine, muuza mboga kwa mfano, ni mahali pazuri pa kukaa saa tatu baada ya biashara. Kwa asiye na safari, simu inamtosha.

Lugha, gharama wasiyoihesabu wengi

Mtihani huu wa Historia huandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana wapo watu wanaoijua Kilwa vizuri kuliko mwalimu wao na bado wanapata F. Wanasimuliwa kwa Kiswahili, wanaelewa kwa Kiswahili, kisha wanakaa mbele ya karatasi isiyowaelewa.

Notisi za Kiswahili zinazosambazwa kwenye makundi ya simu ni nzuri kwa kuelewa. Usizinunue ukidhani zimemaliza kazi. Elewa kwa Kiswahili, halafu kila hoja iandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kwa mkono wako. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mtumba inafaa kuliko pamfleti ya pili, na inadumu miaka mingi.

Fedha ya kusahihishiwa

Baada ya kubana kote huko, mahali pa kulegeza mkono ni hapa. Anayejisomea nyumbani anakosa kitu kimoja ambacho kitabu hakitoi: mtu wa kumwambia insha yake ingepata alama ngapi na kwa nini. Mtafute mwalimu wa Historia wa sekondari yoyote ya karibu, mwombe akusahihishie kwa kila insha. Tuchukulie mmekubaliana 1,000. Insha mbili kwa wiki, wiki thelathini, ni 60,000. Linganisha na ile nauli ya 326,400.

Mkubaliane mapema kwamba kusahihisha ni pamoja na maelezo ya mstari au miwili, si tiki na alama peke yake. Mpelekee insha zikiwa nne kwa pamoja, usimsumbue kila jioni. Anza na mada za kale, kwa kuwa maswali yake hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, utaona alama zikipanda haraka na moyo utatulia.

Jumla ya njia hii ni ada 50,000, ada ya kituo ulichopatana nacho, kitabu au pamfleti moja, bando la mara moja kwa wiki, na 60,000 ya kusahihishiwa.

Je, uende kuona mambo ya kale kwa macho? Olduvai ina kiingilio cha getini na gari la kukodi. Kondoa ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, au kulala huko. Engaruka iko ng'ambo ya Mto wa Mbu. Kwa mtihani, fedha hiyo haina kazi. Kilicho ndani ya uwezo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili, ndani ya Boma la Mjerumani la mwaka 1900, pale pale mjini Arusha, ambapo maonyesho ya chimbuko la binadamu yamepangwa kwa mfuatano. Nenda na daftari siku uliyoshuka kwa jambo jingine, beba kitambulisho ili utozwe kiingilio cha Mtanzania, na uliza kama wanafunzi wana punguzo.

Oktoba ikifika, acha kununua chochote. Fedha iliyobaki itengwe kwa wiki za mtihani: nauli ya kila siku yenye karatasi, chakula cha mchana siku zenye mitihani miwili, kalamu mbili. Mpatane bei na bodaboda wako kabla mvua haijaanza, na siku ya Historia mwambie afike saa kumi na mbili na nusu.